Ramani ya mwana wa mhunzi iliyofunua siri za ardhi

MNAMO 1815, mpima ardhi Mwingereza, William Smith, alichapisha ramani iliyobadilisha jinsi binadamu anavyoielewa dunia anayoikanyaga. Ilikuwa ya kwanza kuonyesha kwa utondoti miamba ya nchi nzima: Uingereza, Wales na sehemu ya Scotland.

Smith, aliyezaliwa 1769 katika kijiji cha Churchill, Oxfordshire, alikuwa mwana wa mhunzi na hakusoma chuo kikuu. Elimu yake aliipata migodini, na katika uchimbaji wa mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe huko Somerset katika miaka ya 1790.

Humo aling’amua kwamba miamba imejipanga kwa matabaka, mithili ya mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na mpangilio huo haugeuki ovyo. Hata hivyo, matabaka mawili tofauti huweza kushabihiana kwa rangi na umbile. Smith alitegua kitendawili hicho kwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika mwambani, kwani kila tabaka lilikuwa na visukuku vyake.

Ramani hiyo, yenye urefu wa karibu mita 2.6, ilipakwa rangi kwa mkono. Kwayo, mwenye shamba angeweza kukadiria iwapo makaa ya mawe yamo chini ya ardhi yake kabla ya kupoteza fedha akichimba bure.

Faida kubwa zaidi ilikuwa ya kitaaluma. Kwa kuwa tabaka la chini ndilo lililotangulia kutandazwa, mpangilio wa miamba ukawa kalenda ya dunia. Mnamo 1841, mpwa wake Smith, John Phillips, alitumia visukuku kuigawa kalenda hiyo katika zama kuu tatu, mgawanyo unaotumika hadi leo.

Smith mwenyewe hakutajirika. Mnamo 1819 alifungwa jela jijini London kwa sababu ya madeni, na mwaka uliofuata ramani shindani ikatolewa na Chama cha Jiolojia cha London. Chama hichohicho kilimtunuku nishani yake ya kwanza ya Wollaston mnamo 1831, miaka minane kabla ya kifo chake.

Hadi sasa, ramani za aina hiyo ndizo huwaongoza watafutao madini, mafuta na maji ya visima.