Nilivuta Mkokoteni wa Nani?

Ukikulia Nairobi, mkokoteni ni wa Marikiti: magunia ya viazi, jamaa anapiga mluzi upishe njia, matatu nyuma inampigia honi. Kwa Wamormoni wa Utah, chombo hichohicho ni kumbukumbu takatifu.

Nililijua hilo nikiwa na miaka 17, nikiishi Utah kwa shangazi. Kanisa lake lilipeleka vijana Wyoming, karibu na Martin's Cove, kuigiza safari ya waanzilishi. Simu zilikusanywa. Wasichana tulivaa magauni marefu na kofia za kitambaa za kufunga kidevuni. Tuligawanywa katika "familia", kila moja na baba na mama wa kupangiwa na mkokoteni wake. Kila mtu pia alipewa kadi yenye jina la msafiri wa kweli. Yangu ilikuwa ya msichana Mwingereza.

Wenyewe hawakuwa wakiigiza. Kati ya 1856 na 1860, karibu watu 3,000, wengi maskini kutoka Uingereza na Skandinavia, walivuta mikokoteni kwenda Salt Lake City. Kutoka Iowa City ni kama kilomita 2,000. Sababu ilikuwa pesa: mfuko wa kanisa wa kuwakopesha nauli ulikuwa umebanwa, na mkokoteni ni nafuu kuliko gari la ng'ombe. Mzigo wa mtu mzima ulikuwa kilo 8 hivi, basi. Mwaka 1856, vikundi vya James Willie na Edward Martin vilichelewa kuondoka, tena na mikokoteni ya mbao mbichi iliyovunjika ovyo njiani. Kikundi cha Willie kilipofika Florence, Nebraska, mwezi Agosti, mtu mmoja, Levi Savage, aliwasihi wasubiri baridi ipite, la sivyo wazee na watoto watakufa. Walio wengi wakakataa. Akaenda nao hata hivyo. Theluji iliwakuta Wyoming mwezi Oktoba, na zaidi ya watu 200 wa vikundi hivyo viwili walikufa.

Kwenye moto wa jioni tulisimuliwa sana imani ya waliokufa. Savage alitajwa juujuu tu. Kwangu mimi, yeye ndiye angefaa kukesha akisimuliwa.

Siku ya pili wavulana waliondolewa, eti wameitwa jeshini. Wakasimama kando ya njia, kofia mkononi, kimya, huku sisi wasichana tukisukuma mikokoteni kupanda kilima. Wengi walilia. Si mchezo, hata mimi koo lilinikaba. Ila wanaume wale, kama 500, waliitwa 1846 kwa vita vya Marekani na Mexico, miaka kumi kabla ya mikokoteni. Igizo limeshona misiba miwili ikawa mmoja, kwa sababu hivyo inaliza zaidi.

Viganja vikiwa na malengelenge, nilianza kuwaza msichana mweusi angekuwa wapi katika safari hii. Wapo waliokuwepo, na mapema kuliko mikokoteni. Green Flake alifika bondeni Julai 1847 na msafara wa kwanza kabisa, ule wa Brigham Young. Alikuwa mtumwa wa familia ya Flake, kwa hiyo swali la imani yake halikuulizwa kabla ya kufunga safari. Mwaka 1852 Utah ikapitisha sheria iliyoruhusu utumwa.

Jane Manning James, aliyezaliwa huru Connecticut, alifika mwaka huohuo wa 1847. Hapo nyuma alikuwa ameshatembea kwa miguu kutoka Buffalo hadi Nauvoo, Illinois, kuwafuata Wamormoni. Uzeeni aliomba mara nyingi apewe baraka za hekaluni kama wenzake. Mwaka 1894 walimruhusu kitu kimoja: kuunganishwa milele na nabii Joseph Smith kama mtumishi wake, na hata hapo mzungu ndiye aliyesimama hekaluni kwa niaba yake. Alikufa 1908. Marufuku dhidi ya weusi iliondolewa 1978.

Katikati ya Salt Lake City kuna mnara wa Brigham Young wenye orodha ya majina ya msafara ule wa kwanza. Green Flake yumo. Yeye na wenzake wawili, Hark Lay na Oscar Crosby, wametengwa na wengine chini ya maneno yanayomaanisha "watumishi weusi".