Raba ya dirisha

Nomino, ngeli ya I-ZI. Raba ya dirisha imekakamaa. Raba za madirisha zimekakamaa.

MAANA

Kipande kirefu cha mpira, au cha mpira uliofunikwa kitambaa, kinachokaa kati ya kioo na bodi ya gari ili kushika kioo kisigongegonge na kupunguza maji, vumbi na upepo unaoingia ndani. Tafsiri ya neno kwa neno, "ukanda wa hali ya hewa", haifai: humpeleka msomaji kwenye somo la jiografia, kwa kuwa ukanda wa namna hiyo ni eneo la nchi na si kifaa cha gari.

RABA NA MPIRA

"Raba" limetokana na Kiingereza. "Mpira" ni la zamani zaidi. Lilikuwapo kabla ya magari, wakati utomvu wa mimea ya porini ulipokuwa bidhaa ya kuuzwa kutoka kusini mwa Tanzania ya leo hadi pwani. Maneno yote mawili yana maana nyingi. Mpira ni kitu cha kuchezea, mchezo wenyewe, na bomba la kumwagilia. Raba ni kifutio cha mwanafunzi na ni viatu vya michezo. Katika maandishi ya ufundi inafaa kugawa kazi: "mpira" litaje mata, "raba" litaje kipande kilichokwisha kupewa umbo.

Mfano: Raba hii imetengenezwa kwa mpira asilia, hivyo isipakwe grisi wala petroli.

Katika mazungumzo ya gereji, raba iliyochakaa "imekufa". Mwandishi rasmi ataje hali yenyewe: imekakamaa, imepasuka, imelegea au imevimba. Kila hali ina sababu yake. Jua hukakamaza na kupasua; mafuta huvimbisha na kulegeza.

AINA TATU

Anayekarabati gari la zamani hukutana na vifaa vitatu vinavyoitwa kwa jina hili moja.

1. Raba ya kioo kisichofunguka. Huzunguka ukingo wote wa kioo na ina mifereji miwili: mmoja hushika kioo, mwingine hushika ukingo wa bati. Kioo cha mbele cha Volkswagen yenye umbo la kobe hufungwa hivyo.

2. Njia ya kioo. Ni mfereji wa bati uliotandikwa kitambaa kizito, ambamo kioo huteleza. Milango ya Land Rover za Series II, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958, na za Series III, zilizofuata mwaka 1971, ina vioo viwili vinavyopishana katika njia za namna hii.

3. Raba ya mdomo. Hukaa pale kioo kinapoingia ndani ya mlango na hukwangua maji kioo kinaposhushwa. Hushikwa kwa klipu ndogo za chuma. Magari ambayo vioo vyake havishuki hayana raba hii.

"Raba ya mlango", inayozunguka mwanya wa mlango wenyewe, ni kifaa cha nne na haihusiki na dirisha.

DIRISHA NA KIOO

"Dirisha" ni nafasi pamoja na fremu yake. "Kioo" ni kile kinachoijaza. Abiria husema "shusha kioo", na kauli hiyo ni sahihi kwa magari mengi. Kwa Land Rover zilizotajwa hapo juu si sahihi, kwa sababu kioo chake husukumwa kando. Mfasiri anayeandika "shusha kioo kabla ya kufungua skrubu" humwacha fundi akitafuta mkono wa kuzungusha ambao mlango huo haukuwa nao tangu ulipotoka kiwandani.

VITENZI VYA KAZI

Kuvika. Hutumika kwa raba inayozunguka kioo. Kioo ndicho kinachovikwa, raba ndiyo vazi: "vika kioo raba", si "vika raba kioo". Kioo kikishavikwa, kamba nyembamba hulazwa katika mfereji wa nje wa raba, na ncha zake mbili huachwa zining'inie upande wa ndani ya gari. Maji ya sabuni hupakwa ili raba iteleze. Mtu mmoja hukandamiza kioo kutoka nje. Mwingine huvuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa raba hupanda juu ya ukingo wa bati hatua kwa hatua.

Kupachika. Hutumika kwa kitu kinachoingia katika nafasi yake na kushikwa na umbo lake, kama klipu za raba ya mdomo.

Kufunga. Huhitaji kifaa cha kukaza. Njia za vioo vya Land Rover hufungwa kwa skrubu. "Parafujo", neno lililotoka Kireno, ni sahihi pia, lakini mafundi wengi husema "skrubu". Kitabu kitumie moja tangu mwanzo hadi mwisho. "Ribiti" si kisawe: skrubu hufunguliwa kwa bisibisi na kurudishwa, ribiti haitoki mpaka itobolewe kwa keekee.

Kubandika. Hutumika pale gundi inapopakwa. Raba ya kuvika haibandikwi. Anayetafsiri vitenzi hivi vyote kwa "weka" huficha tofauti hiyo, na fundi hununua gundi isiyohitajika.

KUZIBA, KUZUIA, KUELEKEZA

Hapa ndipo uteuzi wa neno unapoweza kuharibu gari. Kuziba ni kufunga nafasi kabisa, kama vile kuziba pancha. Raba ya mdomo na njia ya kioo hazizibi: huzuia sehemu kubwa ya maji na kuelekeza yaliyobaki yateremke. Ndiyo maana milango ya magari ambayo vioo vyake hushuka hutengenezwa ikiwa na matundu upande wa chini ili maji yatoke. Maelekezo yanayosema "ziba nafasi zote ili maji yasiingie" yanaweza kumfanya fundi mtiifu aijaze mastiki matundu hayo pia. Mlango huo utaonekana mkavu kwa nje huku maji yakituama ndani, na bati litaoza kuanzia chini, mahali ambapo rangi mpya haikufika.

Isiandikwe: Ziba nafasi zote za mlango.
Iandikwe: Pachika raba ya mdomo ili izuie maji. Matundu ya chini ya mlango yabaki wazi.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika mazingira kama ya kata ya Ruanda, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, ambako makaa ya mawe ya Ngaka huchimbwa. (Ruanda hii isichanganywe na nchi ya Rwanda, ambayo maandishi ya zamani huiandika "Ruanda", wala na Ruanda ya jijini Mbeya.) Katika kiangazi malori ya makaa hutimua vumbi, masika vumbi hilo hugeuka tope. Likiingia katika njia ya kioo, hunyonywa na kitambaa na kukaa na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Gari linaloteremka kutoka milima ya Umatengo hadi ufuko wa Ziwa Nyasa hutikisika katika kila kona, na kioo kilicholegea husaga tope hilo dhidi ya bati. Kwa hiyo maelekezo ya ukarabati yaanze na "safisha na kausha njia ya kioo", kabla ya kutaja kitambaa kipya.

KUTU NA KULIWA

Chuma hushika kutu. Alumini haishiki kutu. Huliwa na kuacha unga mweupe. Bodi ya Land Rover za zamani ina mabati ya alumini, ilhali njia za vioo ni za chuma. Panapogusana metali hizi mbili penye unyevu, alumini huliwa upesi zaidi. Mfasiri akiandika "kutu" kwa yote mawili, fundi atatafuta wekundu na kuupita unga mweupe, ambao ndio dalili aliyopaswa kuiona.

KWA UFUPI

Taja kwanza aina ya raba, kisha kitenzi kinacholingana nayo, kisha kifaa kinachoishika. Pale maji yanapohusika, amua kama raba inaziba, inazuia au inaelekeza, na uandike hilo waziwazi.

Tazama pia: bati, bisibisi, dirisha, kioo, klipu, mfereji, mpira, ribiti, skrubu.