Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini: Tarikhi Fupi kwa Ajili ya Wageni

Mtu atokaye Darajani na kushika njia ya Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hachelewi kuuona mnara wa mawe ya matumbawe uliochomoza juu ya mapaa, na wengi waufikiao hulipa kiingilio, hutazama, kisha huenda zao. Lakini jengo lile ni nyumba ya ibada ya ushirika wa Kianglikana ambao umeimba na kusali mahali hapo kwa zaidi ya karne moja, na kila Jumapili huonekana katika viti vyake nyuso ambazo Jumapili iliyotangulia hazikuwapo: mtumishi aliyehamishwa kutoka bara, mwanafunzi, baharia, au mtalii aliyechoka kutazama na sasa ataka kusali. Kwa hao yaandikwa haya, maana desturi watakazozikuta pale hazifahamiki vema ila kwa kuijua asili ya watu waliozianzisha.

Asili yenyewe ni ya wageni watupu. Mwaka 1857 Daktari Livingstone alihutubu katika Chuo Kikuu cha Cambridge akiwasihi vijana wa Uingereza waikumbuke Afrika, na kwa wito ule ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Safari yake ya kwanza iliishia katika huzuni, kwani Askofu Mackenzie alifariki kwa homa kando ya mto Shire mwaka 1862. Na aliyemrithi, Askofu Tozer, alipoona kuwa njia ile imeshindikana, alihamisha maskani ya misheni hadi Unguja mwaka 1864, akiandamana na rafiki yake Edward Steere. Hawakuwa wamekaa sana walipoletewa na Sultani Majid wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Watano hao ndio mbegu ya ushirika wote. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Na miongoni mwa waliokuja baada yao Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyeokolewa utumwani, alipewa ukasisi mwaka 1890, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile, akarudi bara kufundisha watu wa kabila lake katika nchi ya Masasi.

Yafaa msomaji atulie hapa, akafikiri hali ya watoto hao na mamia waliowafuata. Huyu alikuwa Myao, yule Mnyasa, mwingine Mmakua. Kila mmoja alinyakuliwa kwao kwa wakati wake, akapitishwa katika mikono ya watu wengi, na aghalabu hakulijua hata jina la mahali alipozaliwa, seuze njia ya kurudia. Manowari za Kiingereza ziliwashusha pwani, balozi akawakabidhi kwa misheni, na wavulana wakapelekwa Kiungani, wasichana na watu wazima wakakaa Mbweni, mahali palipokuwa na shamba, skuli na baadaye kanisa la Mtakatifu Yohana. Hapakuwa na ukoo wa kuwaunganisha wala lugha ya kuzaliwa nayo. Steere aliitambua haja hiyo kuliko wenzake. Alikaa na wenyeji wa mji, akajifunza Kiswahili kwa bidii ya ajabu, akatoa kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi mwaka 1870, akafasiri Agano Jipya na sala za kanisa, na akachapisha kwa mtambo wa misheni uliofanyiwa kazi na vijana hao hao waliokombolewa. Kwa hiyo Kiswahili kilipata kuwa lugha ya madhabahu Unguja tangu mwanzo, na waliokisali wakawa jamaa. Kwa maoni yangu, katika kazi zote za Steere hakuna iliyo na thamani kuliko hiyo, hata jengo lenyewe.

Na jengo lina kisa chake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Livingstone, aliyelipigia kelele soko lile miaka mingi, alikuwa amefariki huko Chitambo tarehe 1 Mei, asiipate habari. (Ieleweke kwamba kilichokoma mwaka huo ni biashara, utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali kisiwani hadi mwaka 1897.) Kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, aliununua uwanja wa soko kwa fedha yake akautoa wakfu, na tajiri wa Kihindu, Jairam Senji, akatoa kipande kilichopakana nao: jambo la kukumbukwa, kwamba ardhi ya kanisa hili ni hidaya ya mtu asiyekuwa Mkristo pamoja na Mkristo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, na ibada ya kwanza ikafanywa ndani ya kuta hizo siku ya Krismasi ya mwaka 1877.

Steere, ambaye sasa alikuwa askofu, alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa lilifanywa la zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, limepinda kama kuba ndefu bila nguzo za kulibeba katikati, na wengi walitabiri kuwa litaanguka. Lingali juu hata leo. Karibu na mlango wa magharibi mgeni ataona nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini, ambazo husimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini bara, naye aliporudi akaamuru ziachwe. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu.

Mbele ya madhabahu hiyo pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Mapokeo yasema hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa sokoni, na nyekundu ile ni ukumbusho wa damu. Kushoto kwa mwenye kuingia upo msalaba wa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Nje uani, katika shimo, zimesimama sanamu tano za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs, msanii wa Kiswidi, mwishoni mwa karne ya 20, na shingoni mwao kuna minyororo. Mgeni ataonyeshwa pia vyumba vya chini vya nyumba ya jirani na kuambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo. Lakini wako wanahistoria wanaosema vyumba hivyo ni vya wakati wa misheni, na mimi naona si haki kwa wafu kuongezewa kisa wakati kile kilichothibiti ni kizito kiasi hiki.

Ajaye kusali, si kutazama, halipi kiingilio. Amwambie tu mlinzi wa lango kuwa amekuja kwenye ibada. Atakuta mapokeo ya kale ya misheni: ubani, kengele, kupiga magoti, na Misa inayoimbwa kwa Kiswahili. Asiyejua wakati wa kusimama na wa kukaa asione haya, bali amfuate aliye mbele yake, na jirani aghalabu atamfungulia kitabu pasipo kuombwa. Wakati wa matangazo, kama ilivyo desturi ya makanisa mengi ya nchi hii, wageni huombwa wasimame, waseme jina na watokako. Asitoroke kabla ya hapo, kwa kuwa waumini huiona salamu hiyo kuwa haki yao. Avae kwa heshima, si kwa ajili ya kanisa peke yake, bali kwa ajili ya mji, ambao karibu wote ni Waislamu na umeishi na kanisa hili kwa insafu. Adhana husikika ndani ya ukumbi, kengele husikika mitaani, na katika mwezi wa Ramadhani Mkristo mwenye adabu hali wala hanywi njiani mchana.

Anayekusudia kukaa, naye amekwisha kubatizwa, alete barua ya padre wake wa zamani, aandikwe katika daftari na kuonyeshwa wazee wa kanisa. Asiyebatizwa amwendee padre baada ya Misa, apangiwe mafundisho. Na kama hana ndugu wala jamaa kisiwani wa kumsimamia siku ya ubatizo, aseme hivyo wazi, ili atafutiwe msimamizi miongoni mwa waumini.