Kipande cha Nairobi, Kadi ya New Haven: Nani Hutunza Daftari la Wageni?

Mji unapoamua kuwahudumia wahamiaji, hulazimika kwanza kuwajua: majina yao, mtaa wanaoishi, idadi ya watoto wao. Darasa la lugha, zahanati, nafasi ya shule, leseni ya biashara ndogo, yote huanzia kwenye daftari. Daftari hilohilo ndilo ambalo askari wa uhamiaji angependa kulifunua usiku. Wanaoandika kuhusu mipango ya miji kwa wahamiaji kwa kawaida huhesabu huduma zilizotolewa. Nadhani tungefanya vyema kuuliza kwanza daftari linakaa kwa nani.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hofu hiyo, maana tunalo neno lake: kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika katika Kenya ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole, kabila lake, jina la mwajiri na mshahara aliolipwa, ikiwa ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikining'iniza shingoni. Bila saini ya mwajiri wa zamani kwamba amemwachilia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Nairobi ilimhesabu Mwafrika kuwa mgeni wa muda katika nchi yake mwenyewe, na kipande kilikuwa kamba ya kumrudishia alikotoka kazi ilipokwisha. Harry Thuku na wenzake walikiweka miongoni mwa malalamiko yao makuu. Thuku alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na watu wengi wakauawa kwa risasi.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilijaribu kuondoa aibu hiyo kwa kutunga sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Walowezi wa Kizungu wakapinga kwa nguvu kuchukuliwa alama za vidole. Msomaji aliweke jambo hilo akilini: hati ambayo kila mtu huibeba haiwezi kumfedhehesha yeyote, na ndiyo maana waliozoea kuwa juu ya hati hiyo waliikataa.

Miaka 60 baadaye, mji mdogo wa New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, ulilishika swali hilohilo kwa upande mwingine wa mpini. Katika mtaa wa Fair Haven waliishi wahamiaji wengi kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati wasio na hati za ukaazi. Kwa kukosa kitambulisho hawakuweza kufungua akaunti ya benki, kwa hiyo walitembea na mishahara yao mfukoni. Wahalifu waliwaita mashine za fedha zinazotembea. Aliyeporwa hakwenda polisi, kwa kuwa swali la kwanza kituoni lingekuwa yeye ni nani. Vyama vya wahamiaji, wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Yale, walipeleka pendekezo kwa meya John DeStefano: mji utoe kadi yake wenyewe, inayothibitisha jambo moja tu, kwamba mwenye kadi anaishi New Haven.

Kadi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wakazi wote, wakiwamo watoto. Ilifungua maktaba, ilitumika kulipia maegesho ya magari na kuingilia ufukweni. Kama ingekuwa kadi ya wahamiaji peke yao, kuionyesha kungekuwa sawa na kujishtaki. Profesa wa Yale aliyeibeba ili kuegesha gari lake alikuwa, pengine bila kujua, anamkinga mpishi wa hotelini. Hilo ndilo walowezi wa mwaka 1947 walilikataa kumfanyia Mwafrika.

Tarehe 4 Juni 2007 madiwani waliipitisha kwa kura 25 dhidi ya 1. Siku mbili baadaye maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu waliingia Fair Haven alfajiri, wakabisha hodi na kuwakamata watu wapatao 30 katika msako ule. Serikali kuu ilikana kwamba ulikuwa ulipizaji kisasi. Wakazi wengi hawakusadiki, nami sioni sababu ya kuwalaumu. Kadi zilianza kutolewa Julai hata hivyo, na foleni zilikuwa ndefu. Mwaka 2012 serikali kuu ilikubali kuwalipa wakazi 11 waliofungua kesi kuhusu msako ule dola 350,000.

Lililofuata halikutangazwa sana, lakini kwangu ni zito kuliko msako. Wapinzani wa kadi walidai, kwa kutumia sheria ya uhuru wa kupata habari, wapewe orodha ya majina ya wote walioichukua. Sheria iliyotungwa ili mwananchi aichunguze serikali ikageuzwa darubini ya kumchunguza jirani. Mji ulikataa, na mwaka 2008 tume ya jimbo inayosimamia sheria hiyo ikaupa mji haki, kwa hoja ya usalama wa watu wenyewe.

New York ilijifunza kutoka hapo. Kadi yake ilianza Januari 2015 chini ya meya Bill de Blasio, na ili kuwavutia wasioihitaji, iliambatana na uanachama wa bure wa mwaka mmoja katika taasisi 33 za utamaduni. Haikutibu kila kitu. Haikumpa mtu kibali cha kazi, na benki kubwa kadhaa zilikataa kuikubali, jambo la kuchekesha kwa uchungu ukikumbuka mifuko ya Fair Haven. Ila watunga sheria wake walikuwa wameweka kifungu kinachoruhusu mji kuteketeza nakala za pasipoti na hati ambazo waombaji walizileta. Baada ya uchaguzi wa rais wa Novemba 2016, wabunge wawili wa jimbo walikwenda mahakamani kuzuia uteketezaji huo. Aprili 2017 jaji aliuruhusu mji kuendelea, na mji ukawa umeacha kabisa kutunza nakala za waombaji wapya.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua jinsi kifungu cha namna hiyo kinavyopuuzwa. Katika vikao vyetu tunajadili posho, vifaa na uzinduzi, na suala la nani ataliona daftari, na kwa miaka mingapi, huachwa kwa fundi wa kompyuta. Wakati huohuo historia ya karibu inatukumbusha. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walihojiwa upya na kutakiwa kubeba kadi ya ziada kuthibitisha uraia ambao tayari walikuwa nao. Aprili 2014, katika msako wa Eastleigh, maelfu walizuiliwa, wengi wao katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo wakimbizi walioandikishwa na raia wenye hati zao.

Tanzania tunacho chombo ambacho wataalamu wetu hawakitazami, pengine kwa sababu hakikuletwa na mfadhili: barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anaandika kwamba fulani anaishi hapa na anafahamika, anagonga muhuri, na kwa karatasi hiyo mtu hufungua akaunti au humdhamini nduguye. Ina kasoro, inaweza kununuliwa, na mwenyekiti mwenye chuki anaweza kuinyima. Lakini msingi wake ni uleule wa New Haven, yaani ukaazi unaoshuhudiwa na majirani, na huombwa na mwenyeji na mgeni kwenye dawati moja. Halmashauri inayotaka kumhudumia Mkongo au Mrundi anayeishi Dar es Salaam ingeweza kuanzia kwenye dawati hilo, ikiandika kwanza ni nani haruhusiwi kulifungua kabati.