Akiba ya Kuvu, Ukata wa Taasisi

Burton na Speke walipofika Kaze, pembeni mwa Tabora ya leo, Novemba 1857, misafara ya pwani ilikwisha kuizoea njia ile. Unyanyembe ndipo wapagazi walipobadilishwa na nafaka kununuliwa, kabla ya kuuvuka Mto Malagarasi kuelekea Ujiji. Aliyepita hapo bila kujaza akiba aliikaribisha njaa.

Katika bonde hilohilo la Malagarasi huzaliana nzige wekundu, kama ilivyo Rukwa na Wembere. Miaka ya 1930 makundi yao yalienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta. Mwaka 2009 walipofurika tena, FAO na shirika la kanda lenye makao Ndola, Zambia, walinyunyiza dawa ya kibiolojia: kuvu ya Metarhizium, inayoua nzige na panzi.

Vijimbegu vya kuvu hii hustahimili joto na ukame bila kula, kwa kuwa vimehifadhi sukari za trehalosi na manitoli zinazolinda chembe hai. Vikitua juu ya nzige, huyeyusha mafuta viliyojiwekea, hujenga shinikizo na kutoboa ganda lake. Nzige hujitetea kwa kuota jua mpaka mwili upate joto lisiloifaa kuvu. Nayo hupunguza kasi, hungoja ubaridi wa usiku, kisha huendelea. Nzige hufa baada ya wiki moja hadi tatu.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Silaha ya polepole humfaa anayewahi, anayekagua mbuga na kuwakuta tunutu kabla hawajaota mabawa. Anayechelewa hulazimika kutumia sumu kali, na sumu haichagui: huua pia nyuki wanaowapa warina asali wa Tabora riziki yao, na samaki wa ardhioevu ya Malagarasi.

Operesheni ya 2009 ilitegemea fedha za dharura za Umoja wa Mataifa. Lakini ukaguzi wa kila mwaka hauendeshwi kwa dharura. Huendeshwa kwa michango ya nchi wanachama, na fungu la nzige ndilo jepesi kufyekwa katika mwaka usio na nzige.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kuvu hujiwekea akiba kabla ya dhiki, na wapagazi walifanya hivyo Unyanyembe. Mwandaaji wa bajeti naye ajiulize: mvua zijazo zitatukuta na nini ghalani?