Wawili wa Detroit

Mafahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Methali hii tumeizoea mno hata hatuulizi tena: je, kabla ya kutengana, mafahali hao walilima shamba la ukubwa gani? Swali hili nitalijibu kwa kisa cha wanamuziki wawili wa Marekani, ambao ushirika wao haukudumu hata miaka sita.

Mji ni Detroit, uliosifika duniani kote kwa viwanda vya magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Ilipofika 1980 walibaki kama 1,200,000 tu. Viwanda vilipunguza wafanyakazi, mashine zikashika nafasi ya mikono ya watu, na wenye uwezo wakahamia vitongojini. Hata Motown, kampuni ya muziki iliyokuwa fahari ya mji, ilikwisha kuhamia Los Angeles mwaka 1972.

Katika mazingira hayo Juan Atkins, kijana aliyetoka sekondari karibuni, alijiunga na chuo cha Washtenaw, nje ya Detroit. Huko akakutana na Richard Davis, mtu mzima kuliko yeye, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam. Walimu wenzangu wa vyuo mnawajua wanafunzi wa namna hii: mmoja ana haraka, mwingine amekwisha kuyaona ya dunia, na dawati moja linawakutanisha. Atkins alikuwa na kinanda chake cha umeme aina ya Korg. Davis alikuwa na vyombo zaidi vya aina hiyo na uzoefu wa kuvitumia. Wote wawili walivutiwa na maandishi ya Alvin Toffler, aliyeeleza jinsi binadamu atakavyoishi katika zama za kompyuta. Mashine zilizowafukuza wafanyakazi viwandani, wao waliamua kuzifanya ziimbe.

Wakajiita Cybotron. Mwaka 1981 walitoa sahani yao ya kwanza, "Alleys of Your Mind", chini ya nembo yao wenyewe, Deep Space. Mtangazaji maarufu wa redio mjini humo, Electrifying Mojo, akaipiga hewani, na vijana wakaikimbilia madukani. Mwaka 1983 ikafuata santuri nzima, "Enter", ambayo ndani yake mlikuwa na wimbo "Clear": maneno machache, mdundo wa mashine mwanzo hadi mwisho.

Mafanikio hayo hayakuziba ufa. Davis alitaka waelekee kwenye muziki wa roki wenye magitaa. Atkins alitaka waendelee na njia ya "Clear". Mwaka 1985 Atkins alikuwa amekwisha kuondoka. Alianzisha nembo ya Metroplex, akatoa muziki kwa jina la Model 500, na rafiki zake wa shule ya Belleville, Derrick May na Kevin Saunderson, wakashika njia hiyo hiyo. Mwaka 1988 mkusanyiko wa nyimbo za Detroit ulitolewa Uingereza, na jina la tekno likaenea. Mwaka 2024 Ujerumani iliuingiza muziki wa tekno wa Berlin katika orodha ya urithi wa utamaduni wake.

Na Davis? Alibaki na jina la Cybotron, akatoa kazi nyingine miaka ya 1990, lakini umaarufu ulikwenda kwa mdogo wake. Hilo ndilo linalonigusa. Dunia humkumbuka aliyeendelea na safari, ikamsahau aliyemshika mkono hatua za kwanza. Yamkini Atkins angefika peke yake. Lakini ukweli ni kwamba hakufika peke yake.

Basi, msomaji mpendwa, ushirika ukivunjika tusikimbilie kuuliza nani alikosa. Tutazame kwanza shamba. Likiwa limelimwa, na watu wanakula, kila fahali apewe haki yake, hata yule aliyebaki zizini.