Waziri Mkuu katika Usultani wa Zanzibar

Katika dola ya kifalme yenye Bunge, mfalme hukalia kiti cha enzi, na waziri mkuu ndiye ashikaye hatamu za serikali, naye hudumu katika madaraka yake maadamu wajumbe walio wengi wamemridhia. Kanuni hiyo ndiyo iliyowekwa Zanzibar tarehe 10 Desemba 1963, siku himaya ya Kiingereza ilipokoma, Seyyid Jamshid bin Abdullah akiwa Sultani, na Sheikh Mohammed Shamte Hamadi, aliyekuwa mwalimu Pemba, akiwa waziri mkuu wa dola huru.

Lakini katika uchaguzi wa Julai mwaka huo chama cha Shamte, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), kilipata viti 6 tu, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 12, na ASP (Afro-Shirazi Party), ijapokuwa ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, viti 13. Hivyo, kwa mapatano ya ZPPP na ZNP, Shamte alitawala kwa viti 18 kati ya 31. Sheria ilitimizwa, ila nyoyo za wengi hazikuridhia. Na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakauondoa usultani na uwaziri mkuu wake pamoja. Wingi wa viti humpa waziri mkuu amri. Ridhaa ya raia ndiyo imdumishayo.